Gari la Nizar na Mgeni wa Kihesa

Iganzo, Mbeya
3 Juni 1956

Ndugu yangu Asukile,

Amani ya Bwana ikukute hapo Kihesa, wewe na mkeo Benedicta. Huku tumeamka wote. Baridi ndiyo inatutesa, leo asubuhi majani ya viazi yalikuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga. Baba anakohoa kidogo, lakini sauti ya kukemea mbuzi wa jirani bado anayo. Kanisani tumepata kengele mpya, na mpigaji wake hajui kuacha.

Sasa kaa vizuri, maana nina jambo, na tangu juzi nalicheka peke yangu kama mwehu.

Unajua nashona kwenye kibaraza cha duka la Nizar. Binti yake Noorjahan ameolewa mwezi uliopita, na nguo zake zote nimezitarizi mimi, wiki tano nzima, kwa mshono ule ule waliotufundisha dada wa misheni. Harusi ilipokwisha, Nizar akaniita. “Damari, kazi nimekulipa. Hii sasa ni zawadi. Sema, unataka nini? Blanketi? Sufuria kubwa?”

Nikasema, “Nataka gari.”

Asukile, mtu yule aliweka kikombe cha chai chini! “Gari? Gari langu?”

“La siku moja tu, Bwana Nizar. Na Philbert wako akiendesha, kama anavyowapeleka wageni wako wanaotoka Dar es Salaam kutazama milima.”

Mkewe alicheka huko ndani mpaka akakohoa. Nizar naye akasema, “Haya. Jumamosi moja. Lakini petroli isiishie kwenye harusi za ndugu zako.”

Kwa hiyo tunakwenda! Uporoto mpaka ziwa Ngosi, halafu tuteremke Kiwira kuliona Daraja la Mungu, jiwe lililovuka mto bila fundi. Baba nimemwambia, akajifanya hataki, kisha akaniuliza mara mbili kama gari lina dirisha la kufunguka.

Sikiliza basi shauri langu. Nataka Benedicta aje awe ndani ya gari hilo. Wewe unajua baba alivyosema ulipooa huko bila ng'ombe kutoka kwake wala mshenga: “Mimi sina mkwe Iringa, na asiye mkwe hatakanyaga uwanja wangu.” Mwaka wa pili huu. Lakini gari la Nizar si uwanja wake! Nitamwambia ni mgeni wangu kutoka Kihesa, na huo si uongo. Akimjua mtu kwanza, jina litakuja baadaye.

Na ile desturi yetu, mke wa mwana kutomtazama baba mkwe wala kupita alipo, isikutie hofu. Nimeipima. Baba amesema hana mkwe, basi naye si mkwe, atakaa garini kama mgeni yeyote. Wachungaji nao walishasema tuiache. Usimtishe mtoto wa watu kwa mambo hayo.

Njoo nawe kama unaweza. Nijibu upesi, moyo wangu unaruka.

Dada yako,
Damari


Kihesa, Iringa
24 Juni 1956

Dada yangu mpendwa,

Neema na iwe kwenu. Barua yako imekaa posta siku nyingi, maana aliyetumwa kuichukua aliona jina langu akadhani ni la mtu mwingine. Sisi hatujambo. Benedicta amelima njegere nyuma ya nyumba, zimekubali. Mimi mkono umepona, lile jeraha la tezo limebaki alama.

Shauri lako nimelisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikataa. Mara ya pili nikamsomea Benedicta, naye kabla sijafika mwisho alikuwa ameshatoa viatu vyake kuvipaka rangi. Anasema hajawahi kuona ziwa lililo juu ya mlima. Anasema pia anataka kumwona mtu aliyenizaa, hata kwa kisogo.

Mimi sitaweza kuja. Tuna madawati sitini ya shule ya kumaliza, na msimamizi hatoi ruhusa.

Desturi sijamweleza. Nilikuwa nikidhani hatutaihitaji.

Dada, usimwache peke yake na baba. Unamjua akinyamaza.

Ndugu yako,
Asukile


Iganzo, Mbeya
6 Julai 1956

Asukile,

Nakusalimu kwa haraka, posta inafunga. Wote wazima. Ni Jumamosi tarehe 21. Apande basi la Alhamisi, nitamngoja stendi, atalala kwa rafiki yangu Ikupa hapa mjini, si nyumbani. Avae kitu kizito, Uporoto hauna huruma. Aje na kicheko chake, hicho ulichoniandikia siku ile ulipomwona mara ya kwanza akiuza mboga.

Philbert ameosha gari leo, wiki mbili kabla!

Damari


Iganzo, Mbeya
23 Julai 1956

Ndugu yangu Asukile,

Bwana asifiwe kwa macho aliyotupa. Baba mzima. Kengele ya kanisa imepasuka, tumepumzika. Benedicta amepanda basi leo alfajiri, nadhani barua hii itamkuta ameshafika, lakini lazima niandike, siwezi kutulia.

Asukile, tumekwenda!

Saa moja asubuhi gari limesimama barabarani, la buluu, linang'aa mpaka kuku wakajitazama ubavuni mwake. Baba kavaa koti la ubatizo. Akazunguka gari mara moja, akagonga tairi kwa fimbo, akakaa mbele na Philbert. Mimi na Benedicta nyuma. “Baba, huyu ndiye mgeni wangu wa Kihesa.” Akageuka, akampa mkono. “Karibu, binti. Umekula?” Mkono, Asukile! Benedicta akapiga goti pale pale kwenye kiti mpaka kichwa kikagonga paa.

Tulipovuka Uyole Philbert akasafisha koo, akaanza kama anavyowaambia wageni wa Nizar. “Mabibi na mabwana, mkono wa kushoto mnaona...”

Baba akamkata. “Mabwana gani? Mimi niko mmoja.”

“Mzee, ndivyo nilivyofundishwa kusema.”

“Na aliyekufundisha alizaliwa huku? Huo mlima unaoutaja uko nyuma yetu.”

Basi tangu hapo tulikuwa na viongozi wawili, mmoja akitaja, mwingine akirekebisha. Gari likapanda, likapanda, masikio yakaziba, baridi ikaingia na harufu ya moshi wa mianzi. Kwenye kona moja Philbert akasimamisha tukatazama nyuma. Usangu yote iko chini! Tambarare mpaka macho yanachoka, na kule mbali vumbi la ng'ombe wa Wasangu limesimama kama nguzo. Miaka yote nimeishi chini ya milima hii na sikujua kwamba ukipanda, nchi inafunguka hivyo. Nikaimba. Philbert akapiga honi kuitikia.

Benedicta ndiye aliyenishangaza. Anauliza kila kitu. “Baba, mti ule mnauitaje? Baba, maua yale yanaliwa? Baba, hawa watu wanapandaje viazi kwenye mteremko bila kuanguka?” Na baba anajibu! Mtu ambaye mimi nikimuuliza kama ugali umeiva anatikisa kichwa. Alimweleza jinsi alivyofyatua matofali ya kanisa la zamani akiwa kijana, habari ambayo hata mimi sijawahi kuisikia.

Kisha wakaingia utani. Baba anasema, “Ninyi Wahehe mnajua vita tu, ndizi hamjui.” Naye akajibu, “Na ninyi baba, ndizi asubuhi, ndizi mchana, nasikia hata mkiota, mnaota mnamenya.” Nilifumba macho nikamwomba Mungu. Nikasikia kitu kama gari limeharibika. Ni baba, anacheka.

Tulipokula, kwenye nyasi pale Isongole, Benedicta akapiga ishara ya msalaba kama wanavyofundishwa kwao. Baba akanitazama. “Mgeni wako si wa kanisa letu.”

“Si wetu, baba.”

“Basi ale. Kiazi hakina dhehebu.”

Halafu tukaacha gari tukapanda kwa miguu. Philbert mbele na panga, sisi nyuma, msitu mzito, tope, mianzi, migomba mwitu ambayo baba aliicheka kwa kukosa matunda. Tulimwambia abaki, akasema hakuja kulinda gari. Njia ni kali, nakwambia, mahali pengine tulishika mizizi kama ngazi. Benedicta akampa bega. Mzee wa miaka sabini, mkono wake juu ya bega la mkeo, wanapanda, wanapumzika, wanabishana habari za ndizi, wanapanda tena.

Na juu! Asukile, unatokeza kwenye miti na ghafla dunia imeisha. Chini, chini kabisa, ziwa. Kijani. Limetulia, kingo zake zimesimama pande zote, hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Philbert alianza hotuba yake akaiacha mwenyewe. Nilisema Zaburi ya mia na ishirini na moja kwa sauti, nayainua macho yangu niitazame milima, na huku tunatazama chini!

Yaliyobaki Benedicta atakusimulia mwenyewe. Karatasi imekwisha.

Dada yako mwenye furaha,
Damari


Kihesa, Iringa
5 Agosti 1956

Dada Damari,

Salamu katika Bwana. Mimi mzima. Hapa pamekauka, upepo unaleta mchanga mpaka kwenye gundi.

Benedicta alifika Jumanne jioni. Barua yako ilifika siku tano baadaye, na karatasi haikwisha, dada. Umebakiza nusu ukurasa mtupu.

Yeye amenisimulia gari, Usangu, viazi, na Philbert na panga lake. Ziwa amelisimulia mpaka fundi mwenzangu Yotamu anataka kwenda. Lakini akifika pale juu, anaiacha habari, anakwenda kumwagilia njegere. Jana nikamwambia, “Na Daraja la Mungu, likoje?” Akasema, “Hatukufika.” Nikasema, “Kwa nini?” Akaanza kulia.

Kilio hicho sikijui. Si mtu wa kulia.

Niandikie, na uandike yote. Baba alimfanya nini?

Asukile


Iganzo, Mbeya
19 Agosti 1956

Ndugu yangu,

Naandika baada ya ibada, na leo ni Jumapili ya nne sijasimama kuongoza maombi ya akina mama. Nimewaambia ni koo. Si koo. Nisamehe kwanza, halafu usome.

Tulikuwa tumekaa pale ukingoni, tumechoka vizuri, tunakula ndizi za kuchoma. Baba alikuwa na moyo mweupe kuliko siku yoyote tangu mama afariki. Akamwambia mkeo, “Binti, umenipandisha mlima. Mumeo anafanya kazi gani huko Kihesa?”

“Fundi seremala, baba.”

“Kazi ya heshima. Na wazazi wake wako hai?”

Mimi nikaanza kukunja vitambaa. Ningeweza kugeuza mazungumzo, sikugeuza. Benedicta akasema, “Baba yake yupo,” basi.

“Niambie ni nani, nimtumie salamu. Nimwambie amepata mkwe.”

Asukile, mkeo angeweza kudanganya. Ndivyo nilivyomfundisha njiani kutoka stendi: ukiulizwa, sema ni mtu wa mbali. Akanitazama mimi, akatazama ziwa, akasema taratibu, “Baba yake ni wewe.”

Baba alimtazama kidogo sana, kama kufumba na kufumbua jicho. Kisha akageuza uso. Akavuta koti lake likafunika kichwa, akasimama, akaondoka, si kwa njia tuliyopandia, bali ndani ya msitu, kwenye miiba, akivunja vijiti. Benedicta akaita, “Baba!” akataka kumfuata amshike, maana mteremko ni mbaya. Baba akaongeza mwendo kama anakimbizwa. Nikamshika mkeo gauni. Akalia, “Dada, nimemfanya nini? Ananikimbia kama mwenye ukoma.”

Nami sikumjibu! Ndilo kosa langu kubwa. Maana ningemwambiaje? Mtu wetu akikutana na mke wa mwanawe hufanya vile vile, hugeuza uso, hujifunika, humwachia njia. Ndiyo heshima yenyewe. Lakini mtu aliyedanganywa na binti yake siku nzima, akapewa bega na mtu asiyemtaka, naye pia hugeuza uso. Nimekaa nikitazama kisogo kile moyoni mwangu wiki nne, na sijui kilikuwa kisogo gani.

Tulipoteremka tulimkuta barabarani. Philbert akamfungulia mlango. “Panda mzee, nimetoka na watu watatu, nikarudishe wawili?” Baba, bado amejifunika, akasema, “Gari ni la wanawake hao. Mimi nina miguu.” Akapanda lori la viazi lililokuwa likipita. Ndiyo maana daraja hatukuliona.

Nyumbani amenikuta nimepika. Akala, akaomba, akalala. Tangu siku hiyo ananiambia habari za mbuzi na za mvua. Jina la Benedicta hajalitaja, lako pia hajalitaja. Nikimkaribia na neno hilo anachukua jembe.

Nilidhani nina akili. Nilisema kama si mkwe, basi hana mwiko, nikajipongeza kama mwanasheria. Nimemwaibisha baba, nimemwaibisha na mtoto wa watu aliyekuja na viatu vilivyopakwa rangi. Uniombee.

Damari


Kihesa, Iringa
30 Agosti 1956

Dada yangu,

Usiache kuongoza maombi. Wanawake wale hawana kosa.

Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona hasira yangu inatafuta mtu na mtu mwenyewe ni mimi. Madawati yale tuliyamaliza mwezi wa sita. Msimamizi angenipa ruhusa, sikumwomba. Niliogopa, dada. Nilimtuma mke wangu mahali ambapo mimi mwenyewe sikuthubutu kwenda, na sikumpa hata desturi ya kumsitiri.

Jana nimemweleza yote, tangu mwanzo, kwamba kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamwiti, hapiti alipokanyaga. Alisikiliza ameshika kichwa. Akasema, “Na mimi nilimpa bega! Nilimwambia anaota ndizi!” Nikadhani atalia tena, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza swali ninalokuletea wewe: “Sasa je, yeye alinikimbia kwa sababu mimi ni mkwe wake, au kwa sababu sitakuwa?”

Hatakuja tena mpaka ajue. Mimi nami siwezi kuja bila yeye. Mwangalie baba, dada. Usimuulize. Mwangalie tu.

Asukile


Iganzo, Mbeya
9 Septemba 1956

Asukile! Benedicta! Someni barua hii pamoja, msinyang'anyane!

Salamu baadaye. Wote wazima, Mungu ni mwema, mbuzi wa jirani wazima pia.

Barua yako nimeipata Jumatano. Alhamisi nikarudi kutoka dukani mapema, Nizar alikuwa na wageni. Nafika nyumbani, mlango wazi, baba hayupo. Nasikia jembe likilia nyuma, kule kwenye migomba, mahali ambapo hatulimi kitu kingine. Nikazunguka. Baba yuko pale, shati amelivua, anafyeka na kulima, ameng'oa mashina matatu ya migomba aliyoyaleta mwenyewe kutoka Tukuyu! Amekata njia. Njia nyembamba, safi, inatoka nyuma ya jiko, inapita nyuma ya zizi, inateremka mpaka mtoni, mbali kabisa na ile tunayoitumia.

Nikasema, “Baba, njia si tunayo?”

Hakuinua kichwa. “Tunayo yangu.”

“Na hii ya nani?”

Asukile, akaegemea jembe, akanitazama kama anavyowatazama watoto wa katekisimu. “Wewe umekwenda shule, Damari, lakini huna akili. Mke wa Asukile akija kukaa hapa, maji atachotea wapi? Apite kwenye njia yangu, nikutane naye kila asubuhi, nijifunike koti mpaka nife kwa jasho?”

Nililia pale pale kwenye udongo. Yeye akaendelea kulima. Kisha akasema, akiwa amenipa mgongo, “Siku ile uliniumiza. Si kwa sababu yake. Kwa sababu ulimwacha anipe bega kama mpita njia, na hakuna aliyeniambia nimheshimu. Mtu wa namna ile. Hasemi uongo hata pale unapomfaa.”

“Basi nimwandikie aje?”

“Mwandikie mumewe. Yeye ndiye aje kwanza, tuzungumze habari ya ng'ombe watakaokwenda kwa wakwe zangu Iringa. Hawawezi kukaa bure kama watu waliotoa mwana kwa wezi.” Akalima kidogo. “Na huyo dereva asije na hotuba zake.”

Wakwe zangu, Asukile. Kasema wakwe zangu.

Jioni nikajaribu njia ile na ndoo kichwani. Inapita vizuri, Benedicta, haina jiwe. Mahali pa mteremko baba ameweka vipande vya mti viwe ngazi, usiteleze. Usitegemee kumwona. Ukisikia kikohozi, simama kando ungoje kipite, ndivyo atakavyokuwa anakusalimu, nawe mdogo wangu utamwitikia kwa kunyamaza. Habari za ndizi mtabishana kupitia kwangu. Nimeshajiandaa kuzibeba huku na huku.

Leo nimesimama kanisani nikaongoza maombi. Koo limepona.

Njooni kabla ya mvua, udongo wa njia ile bado ni laini, na majani yataota upesi kama hakuna mguu wa kuikanyaga.

Dada yenu,
Damari